Ng'ombe Aliyeitwa Zuhura

Wiki iliyopita nilinunua mfuko wa nyasi kavu za sungura wa mwanangu, hapo Stratford Road. Nilipoufungua jikoni, ile harufu ikanikalisha kitako. Ilikuwa harufu ya zizi la mama mdogo Rukia, mdogo wake mama, aliyeolewa na mfugaji Uswisi, katika kijiji cha juu milimani ambako ukiita mtu, mlima ndio unaitika kwanza.

Mwenzenu nimezaliwa huku huku kwa Waingereza, hapa hapa Sparkbrook. Kiswahili nilikisikia chote, ila kukisema, hata kwa dawa. Shuleni walishanicheka lafudhi ya nyumbani, basi nikaapa.

Kiangazi kimoja cha utotoni mama alikuwa na zamu za kazi mfululizo, akanikabidhi kwa wahudumu wa ndege nikapelekwa kwa mama mdogo. Nilikuta majirani wamejipanga uani na nguo zao nzuri. Kumbe aliwatangazia kwamba mtoto wa dada yake anakuja, leo wataisikia lugha yake ikisemwa na mtu mwingine. Akanitazama, anangoja shikamoo yake. Nikasema, "Hi, Auntie." Majirani wakapiga makofi, maskini, wangejuaje. Yeye alijua. Hata hivyo alinikumbatia, akanipa maziwa ya moto kabla sijavua viatu.

Ikawa yeye ananisemesha Kiswahili, mimi namjibu Kiingereza asichokijua, tunaishia kuonyeshana kwa vidole. Ng'ombe wake ndio walikuwa waungwana: akiwaambia njooni, wanakuja, sogeeni, wanasogea. Mmoja, mwenye kengele kubwa na macho ya usingizi, alimpa jina la mama yangu, Zuhura. Mama alipopata habari kwenye simu alinuna siku nzima. Mimi nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Nikarudi kwake wakati wa theluji. Njia zimefukiwa, ng'ombe wote wako zizini chini ya nyumba, joto lao linapenya mbao za chumba changu. Mama mdogo alinipokea mlangoni, akavuta pumzi, akasema polepole, "Hello, my darling. You are tired?" Alikuwa amejifunza Kiingereza tangu nilipoondoka, kwa ajili yangu. Nilifurahi kama mtu aliyeshinda kesi.

Asubuhi moja niliteremka kuchukua buti zangu. Nilimsikia zizini anakamua, anazungumza, Kiswahili kinamtoka kwa kasi kama mtu aliyefunguliwa mdomo. Nikachungulia. Shavu lake lilikuwa limeegemea ubavu wa ng'ombe.

"Zuhura, mwanao kakua," alisema. "Ana kicheko cha marehemu mama. Nilitaka nimhadithie bibi yake alivyokuwa, lakini kwa Kiingereza gani, dada yangu?"

Nilielewa kila neno. Nilikuwa nyuma ya mlango tu, na shikamoo iko ulimini. Nikachukua buti nikapanda ngazi kwa kunyata, huku najiambia mama mdogo ana vituko, anapiga soga na ng'ombe. Ukubwani ndipo nilipoelewa kwamba yale maneno yalikuwa yangu, na ng'ombe aliyapokea kwa niaba yangu.

Siku hizi Kiswahili nakisema hata na sungura. Nikimpigia mama mdogo naanza na shikamoo, naitamka vizuri kabisa, halafu nangoja. Naye, mzee sasa, hunijibu kwa Kiingereza chake kile kile cha polepole, eti nisipate taabu.