Bangili ya Mama na Mizani ya Sonara

Leo sonara mmoja hapa Mbinga kajaribu kuniibia kwa mizani. Mimi, niliyeanza kuuza kahawa kwa kilo kabla sijaota ndevu!

Nilimpelekea bangili ya dhahabu aliyoniachia marehemu mama, nipate pesa ya kujengea kaburi lake.
Kapima. "Gramu nane, mzee."
Nane? Bangili iliyokuwa ikimchosha mama mkono kanisani?

Sikugomba. Nikavuka barabara, nikanunua pakiti ya majani ya chai iliyoandikwa gramu hamsini, nikaiweka kwenye mizani yake.
Ikasoma arobaini.
"Mzee, hiyo chai imekauka."
Duka zima likacheka. Mimi sikucheka.

Chai nimemwachia, bangili nimerudi nayo.
Mnaomjua sonara mwenye mizani ya kweli, semeni hapa. Mama anasubiri.