Mashimo Niliyoyaacha Kwenye Malisho ya Ndama

Mwanangu, iko asubuhi moja ambayo mpaka leo nikiikumbuka chai hunishinda kunywa. Nitakueleza yote kabla hujaondoka kwenda kuanza kazi, hata sehemu zinazonitia aibu, kwa sababu zile za aibu ndizo zitakazokufaa.

Ilikuwa miaka ya themanini, hapa Isiolo, baada ya ule ukame uliomaliza mifugo. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimepata kazi ya bustani katika shule moja ya misheni upande wa Burat. Baba yangu alikuwa amechunga ng'ombe maisha yake yote kule Ngaremara, na ukame ukamwachia fimbo peke yake. Mimi nilivaa ovaroli na buti, nikajiona nimeyapita mambo ya ng'ombe.

Shule ilitaka uwanja wa nyasi mbele ya ofisi, ikatununulia kifaa ambacho hatukuwahi kukiona. Usidhani ni mashine. Ni bomba fupi la chuma, upana wake kama kikombe cha chai, mdomo umenolewa. Juu lina mpini mrefu wa kushika kwa mikono miwili, na ubavuni pana kipande cha kukanyagia. Unakisimamisha wima kwenye ardhi iliyolowa, unakanyaga, unazungusha kidogo, unavuta. Kinatoka na donge zima, nyasi juu na mizizi chini. Sisi tulikiita chuma ya kutoboa. Kwa kifaa hicho hicho tulipanda vitunguu vya maua kuzunguka mlingoti wa bendera.

Aliyenifundisha ni Mzee Mwiti, mkuu wa bustani, Mmeru aliyekuwa na subira na kila mtu. Alinionyesha kwamba donge likitoka huacha shimo, na kule unakokwenda kulipanda lazima utoboe shimo jingine la kipimo kile kile. Sasa ule udongo mtupu ulioutoa shuleni hautupwi. Unaupakia kwenye wilbaro, unaurudisha ulikotoa nyasi, unajaza mashimo na kuyakanyaga kwa kisigino.

"Wilbaro isirudi tupu, Ekiru," aliniambia. "Ukiiona imerudi tupu, ujue mahali fulani kuna shimo."

Nyasi nzuri za kutambaa zilikuwa zimebaki mahali pamoja tu, ukingoni mwa mto. Pale palikuwa malisho ya ndama, ambayo Waborana huyaita kalo. Ng'ombe wakubwa hawaingizwi kalo. Ni ya ndama wasioweza kwenda mbali, na mtu mzima anayeheshimu jirani hapiti hapo ovyo. Hata sisi Waturkana wa Burat tulijua hivyo. Kalo ile ilitunzwa na Mama Tume, mjane wa Kiborana aliyekuwa akilea wajukuu wawili wa kike. Ukame ulikuwa umemwachia ng'ombe mmoja mweupe na ndama wake jike. Mtamba yule ndiye aliyekuwa boma lote la kesho, na maziwa ya mama yake ndiyo yaliyokuwa chakula cha wale wasichana.

Tulikwenda na Mzee Mwiti kumwomba ruhusa.

"Salaam aleikum, mama."

"Aleikum salaam. Hiyo chuma ni ya kuchimba maji?"

"Ni ya kutoa nyasi. Tunaenda kupanda shuleni."

"Kwani shule iko na ng'ombe ngapi?"

"Hakuna ng'ombe, mama," nikasema. "Ni nyasi ya kupendeza tu."

Alicheka mpaka akajishika kiuno. "Ya Rabbi! Nyasi ya kuangalia na macho! Hawa watu wameshiba kweli." Kisha akaacha kucheka. "Toeni, lakini kidogo kidogo, na mfunike. Mtoto yangu anakimbia hapa." Alikuwa akimtaja yule mtamba.

Siku za kwanza tulifunika kila shimo. Lakini Mzee Mwiti akapata habari ya msiba, akapanda kwenda Meru kuzika. Aliniachia kazi, na siku ya wazazi ilikuwa Jumapili. Mwalimu mkuu alipita akaniuliza kama uwanja utakuwa tayari. Nikajibu ndiyo kabla sijafikiri.

Ijumaa yote nilitoboa. Udongo ni mzito, mwanangu, na kutoka shuleni mpaka mtoni ni mwendo. Safari ya kwanza nilirudisha udongo. Ya pili nilirudisha nusu. Kuanzia ya tatu, wilbaro ilirudi tupu na nyepesi, nami nikawa nikiisukuma huku napiga mluzi. Nilijiambia kwamba nitayafunika Jumatatu, wageni wakishakwenda. Sikuwa na nia mbaya. Nilikuwa na haraka tu, nikaiona ile Jumatatu kama kitu kilicho tayari mfukoni mwangu.

Jumamosi asubuhi nilikuta watu kwenye kalo. Mama Tume alikuwa ameketi chini, kichwa cha mtamba kiko mapajani mwake. Mguu wa mbele ulikuwa umezama kwenye shimo wakati anakimbia, ukavunjika juu ya kwato. Mfupa ulionekana. Mchunga ng'ombe mmoja aliniona nikija na chuma yangu begani, akasema kwa sauti, "Huyu hapa fundi wa nyasi ya kuangalia. Basi angalia."

Mama Tume hakupaza sauti. "Ekiru, hii shimo ni ya nani?"

"Ni yangu, mama."

"Ni yako. Haya."

Mguu kama ule haupoi. Mzee mmoja akamchinja mtamba kwa jina la Mungu, na nyama ikagawiwa majirani. Nilidhani Mama Tume ataniita mbele ya wazee wanitoze faini, nami nilikuwa tayari. Badala yake alitandaza ngozi, akaipaka chumvi, akaniambia, "Kesho kabla ya kazi, kuja. Wewe utashika ngozi."

Labda wewe hujui, kwa hiyo nikueleze. Ng'ombe wetu hawa hawatoi maziwa bila kumwona ndama. Ndama akifa, watu huiweka ngozi yake mbele ya mama, ng'ombe akainusa na kuilamba, maziwa yakashuka. Mtu wa kuishika anahitajika. Kila alfajiri nilikwenda, nikapiga magoti mbele ya yule ng'ombe mweupe nikiwa nimeikumbatia ngozi ya mtoto wake. Alikuwa akiilamba kwa utulivu, na ulimi wake wenye kukwaruza ulipita juu ya vidole vyangu pia, kana kwamba mimi nami ni sehemu ya ndama. Nyuma yake Mama Tume alikamua. Wale wasichana walisimama na vikombe. Hakuna aliyenitukana, mwanangu. Nilitamani wanitukane.

Jioni baada ya kazi nilirudisha udongo na kujaza mashimo yote, hadi la mwisho. Mzee Mwiti aliporudi alinikuta huko. Alitazama, akachukua sepetu, akanisaidia.

Siku ya wazazi ilikuwa imepita. Wageni walikuwa wamewekewa viti juu ya zile nyasi, na sikumsikia hata mmoja akizitaja.

Ilipita kama wiki tatu. Asubuhi moja ng'ombe aliinusa ngozi, akainua kichwa, akatazama upande wa mto na kulia mara moja, kwa sauti ndefu. Hakuilamba. Mama Tume alivuta chuchu, akavuta tena, halafu akakigeuza kibuyu chake mdomo chini.

"Amejua," akasema.

"Mama, nisamehe."

"Nilikusamehe siku ile ile, Ekiru. Lakini watoto watakunywa msamaha?"

Mwezi ule alimuuza ng'ombe, akawachukua wajukuu wake kwenda Rapsu kwa ndugu yake, kulima mahindi katika shamba la mfereji. Alikuwa mwanamke wa mifugo tangu kuzaliwa. Sikumwona tena.

Sasa sikia ninachokuambia, nami nakuambia kwa upendo, maana najua una bidii kama niliyokuwa nayo. Bidii haikunikosa ile Ijumaa. Nilichokosa ni kuhesabu kufunika kama sehemu ya kazi. Ukiruhusiwa kuchukua kwa mtu, kazi yako haijaisha pale ulipopeleka kitu, hata kikishika na kusitawi. Rudi kwanza ulikochukua, patengeneze siku hiyo hiyo, ndipo unawe mikono. Mkubwa akikuuliza kama utamaliza, na kumaliza kunataka umwachie mwingine hatari, mwambie, "Hapana, bado." Utaona haya kwa dakika moja, halafu itapita. Na ukiwa umekwisha kukosea, usikimbie. Mwenye kuumizwa akikupa kazi ya kufanya, ifanye mpaka mwisho wake, hata kama haitarudisha kitu.

Mungu akulinde na haraka, mwanangu. Akupe nguvu za kurudi na mzigo wakati miguu imechoka, na kila nyumba uliyopewa kitu iendelee kukufungulia mlango ukibisha hodi. Nenda salama.