Vitalu Vyenye Kitambaa Chini

Jumanne ile shangazi Verna alifungua kabati la vichezeo mara nne, na kila mara akalifunga bila kutoa kitu. Saa nne tulikuwa na mgeni, Bi. Prentice wa ofisi ya wilaya. Alikuwa anakuja kumtazama mdogo wangu Orie, aliyetimiza miaka mitatu wakati wa kuvuna mahindi na alikuwa hajasema hata neno moja.

"Gingerich asiyesema?" babu alikuwa ametania mezani, kwa jina la ukoo wetu. "Mshukuruni Mungu, hatimaye tumepata mmoja."

Mama alicheka. Shangazi aliinuka akaenda kuosha sahani zilizokwisha kuoshwa.

Yeye ni dada yake baba, hakuolewa, na ana duka la vichezeo vya mbao kando ya barabara. Waingereza, ndivyo tunavyowaita wote wasio wa kanisa letu lisilotumia simu wala magari, hutoka mjini kumfuata. Haulizi mtoto ana miaka mingapi. Anauliza, "Akiachwa peke yake, anashika nini?" Kama humwaga vitu, anapewa vikombe vya kupanga. Kama humfuata mama yake jikoni, anapewa ufagio mfupi unaofagia kweli. Chini ya meza ana kipande cha bomba, na kitu chochote kinachopita humo hamwuzii mtoto anayetia vitu mdomoni. Siku moja mteja alimwuliza mbona hauzi vya betri.

"Kikicheza chenyewe, mtoto abaki kufanya nini? Kupiga makofi?"

Basi mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuwa haonji chakula wiki nzima, akiogopa kwamba alichagua vibaya.

Orie alipoanza tu kutembea, mama alishikwa na maumivu ya kichwa yaliyomlaza karibu mwaka mzima. Kijiko kikianguka, analia. Shangazi akahamia kwetu, akamletea Orie vichezeo visivyo na sauti: mafumbo ya mbao, shanga kubwa za kutunga, na vitalu alivyovibandika kitambaa kinene cha sufu chini ili visigonge sakafu. Nyumba nzima tulinong'ona. Mimi ndiye niliyekuwa namziba Orie mdomo. Mama akapona, Orie akabaki vilevile.

"Nilimfundisha kunyamaza," shangazi aliniambia asubuhi ile tukikunja nguo. "Na akajifunza."

Bi. Prentice alifika na mkoba, akaketi sakafuni bila kuombwa. Akatoa simu ya plastiki, akampa Orie. Orie aliigeuza, akatazama upande wake wa chini, kisha akaanza kuisukuma juu ya goti la suruali yake, huku na huku. Alikuwa anapiga pasi. Bi. Prentice akaandika.

"Samahani," shangazi alisema, sauti ikimtetemeka. "Umeandika nini?"

"Kwamba hajui simu ni ya nini."

"Atajulia wapi? Humu ndani hamna simu."

"Verna," mama alimkanya, "mwache mwenzio afanye kazi."

Lakini Bi. Prentice aliweka kalamu chini. "Hapana, ni haki yake. Nionyesheni anachokijua."

Shangazi akakimbilia kabatini, akaleta fumbo gumu kuliko yote, la ghala na wanyama wake. Orie alilimaliza upesi, kila mnyama mahali pake, mdomo umefungwa. Shangazi alimtazama mgeni kama mtu anayesubiri kusomewa barua.

"Mikono yake ni hodari," Bi. Prentice alisema polepole. "Ila ndani ya fumbo hamna wa kuzungumza naye."

Shangazi alitoka. Mama alinitazama, nami nilidhani amekwenda kulia. Alirudi kutoka dukani ana farasi wa mbao na gari lake, lile ambalo magurudumu yake hupiga kelele, ambalo hakuwahi kumpa Orie. Akapiga magoti, na magoti yake yale mabovu yakalia. Akamfunga farasi nyuma ya gari, uso umelielekea gari.

Orie alikunja uso. Akavuta mkono wa shangazi. Shangazi akamfungua farasi, akamfunga tena vilevile, nyuma.

"Siyo!" Orie alisema.

Alisema kwa lugha yetu ya nyumbani, ambayo mgeni haijui, kwa sauti nzito kama ya baba. Akamnyang'anya farasi, akamrudisha kinyumenyume kati ya mikono ya gari, ile miti miwili ya mbele, akafunga kamba upande huu na upande ule. Akapiga ulimi kama kumwambia farasi aende, gari likaenda likigonga sakafu yote.

"Amesema nini?" Bi. Prentice aliuliza. Mama alikuwa amejifunika uso kwa aproni. Ilibidi nijibu mimi.

Bi. Prentice hakutupa maneno matamu. Amechelewa, alisema, na masikio yake lazima yapimwe. Neno moja halimalizi kazi. "Lakini anaelewa. Kila siku mtu aketi naye sakafuni, na akosee." Atarudi baada ya wiki sita.

Shangazi amefunga farasi wa kweli kwenye gari tangu ana miaka saba. Sikumwuliza kama alikosea kwa makusudi au kwa kutetemeka.

Mgeni alipoondoka, shangazi aliketi ngazini na kisu kidogo, akaanza kubandua kitambaa chini ya vitalu, kimoja kimoja. Orie alikuwa anavipokea na kuvigonganisha. Shangazi alimgeukia mama.

"Kichwa je?"

"Wacha vigonge," mama alisema.

Shangazi akaendelea kubandua, akimsikiliza Orie kila kitalu kilipogonga.