Siku Niliyosimama Mlangoni pa Duka Mikono Mitupu

Nilipomaliza mafunzo ya jeshi kule Eldoret na kurudi nyumbani Chepseon nikiwa na sare mpya, baba alichinja kondoo. Mama alinimiminia mursik, yale maziwa yaliyolala kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa, ambayo kwetu hupewa mtu aliyeleta heshima nyumbani. Baba ni mkulima wa chai, mtu wa maneno machache, lakini siku hiyo aliongea mpaka sauti ikakauka. Kila aliyepita njiani aliitwa: "Kuja uone askari wangu!"

Sikatai, jeshi nililipenda. Nilipenda kuamka mapema, buti zikiwa zinang'aa, na kujua kwamba mwenzangu wa kushoto hataniacha. Kilichonisumbua kilianza polepole, katika nchi jirani tulikotumwa kulinda mji mdogo wa joto na vumbi. Karibu na kambi palikuwa na kisima, na wanawake hawakuteka maji kabla hatujawapekua. Asubuhi moja nilikuwa nikikagua mitungi ya mama mmoja mzee. Akamwambia mkalimani wetu jambo, na mkalimani akacheka.

"Amesema nini?" nikamuuliza.

"Anauliza kama kwenu hakuna ng'ombe wa kuchunga."

Wenzangu walicheka. Mimi pia nilicheka, mpaka nilipomtazama usoni. Yule mama hakuwa na hasira. Aliuliza vile mtu anavyomuuliza kijana wa jirani aliyepotea njia.

Tangu siku hiyo nikaanza kujiuliza mambo ambayo askari hafundishwi kujiuliza. Hapa ninamlinda nani? Nikiondoka, nitaacha nini? Nikirudi nyumbani kwa likizo, watu nao walikuwa na maswali yao. Umenunua ploti? Utajenga nyumba za kukodisha lini? Gari ni ya aina gani? Niliona tunakimbia sote, nami nikiwa mbele, na hakuna aliyesema tunakimbilia wapi.

Mkataba wangu ulipoisha, sikuongeza. Afande wangu aliniita ofisini.

"Uko na shida gani?"

"Sina shida, afande."

"Sasa unaenda kufanya nini?"

"Bado sijajua."

"Heri ungesema uko na shida," akasema, kisha akanipa mkono. Niliondoka na cheti safi, na hilo najivunia mpaka leo.

Baba hakunipa mkono. "Unaacha kazi ya serikali uje kuchuma majani na akina mama?" aliniuliza, na kwa miezi mingi hatukuongea zaidi ya salamu. Wengine walinipangia maisha: niende Uarabuni kulinda maduka, nifungue kampuni ya walinzi, nigombee udiwani. Ni mke wangu tu, mwalimu wa shule ya msingi, aliyesema, "Mimi niliolewa na wewe, sikuolewa na sare." Basi nikabeba kikapu nikaingia kwenye chai. Vidole vyangu vilikuwa vizito. Mama alifika mwisho wa mstari kabla sijafika katikati, na alinicheka waziwazi. Lakini usingizi wangu ulirudi.

Kisha msimu wa siasa ukafika, na maneno mabaya yakaanza kuzunguka kwenye simu. Sisi ni Wakipsigis, lakini sokoni kwetu kuna familia za Wakikuyu zilizokuja kabla sijazaliwa. Mmoja wao ni mama mjane mwenye duka la mbolea na unga, ambaye ameimba kwaya na mama yangu tangu nikiwa mtoto. Siku moja ya soko, vijana kadhaa walinijia shambani. Niliwajua wote, na mama zao pia.

"Soja," mkubwa wao akasema, "leo tunaenda kumwambia yule mama wa duka ahame. Wewe unajua hii kazi. Tupange."

"Amekukosea nini?"

"Si yeye. Ni watu wake."

"Mimi nimeishi mahali watu walianza hivyo," nikamwambia. "Mpaka leo hawateki maji bila kupekuliwa na askari wa nchi nyingine. Huyo askari nilikuwa mimi."

"Kwa hivyo unaogopa?"

"Ndiyo. Naogopa sana."

Hawakutarajia jibu hilo. Walipokuwa bado wakitazamana, nilitua kikapu nikashika njia ya sokoni. Nilimkuta mama wa duka akianza kufunga madirisha.

"Usifunge, mama. Endelea na kazi."

"Mwanangu, wanakuja?"

"Wanakuja. Niko hapa."

Nilisimama mlangoni mikono mitupu. Nimewahi kusikia risasi zikipita juu ya kichwa, lakini sikuwahi kuogopa kama asubuhi ile. Walifika na marungu na mawe, na wengine nisiowajua wakajiunga nao.

"Anayetaka kununua, aingie," nikasema. "Anayetaka kitu kingine, aanze na mimi."

Ndipo nikamwona baba. Alikuwa amekuja kununua mbolea, na gambuti zake zilikuwa na matope. Aliwapita wale vijana kama anayepita katikati ya ndama, akageuza kreti tupu ya soda, akaketi kando yangu.

"Huyu ni mtoto wangu," akawaambia kwa Kipsigis. "Nani anataka kuongea na yeye?"

Hakuna aliyetaka. Akina mama wa kwaya walianza kufika na vikapu vyao vya sokoni, mmoja mmoja, wakasimama upande wetu. Kijana mmoja akajifanya anapigiwa simu, akaondoka. Mwingine akamfuata. Mkubwa wao alibaki wa mwisho.

"Soja, umetuaibisha," akasema.

"Njoo nyumbani tuongee."

Alichukua muda, lakini alikuja.

Siku hiyo nilirudi nyumbani na baba, gunia la mbolea likiwa begani mwangu. Tulipofika kwenye mteremko wa chai, alisimama kupumua.

"Sikukuona ukilinda ile nchi ya watu," akasema. "Leo nimekuona."

Sina medali ninayoithamini kama maneno hayo.

Siku hizi nachuma chai, na palipo na ugomvi naitwa. Yule kijana aliyeniambia nimewaaibisha huandamana nami. Tumewahi kwenda hadi Kimulot, na juzi tulikuwa Siongiroi, ambako vijana wa pande mbili walitaka kupigana kwa sababu ya ng'ombe aliyepotea. Tulikaa nao kutwa nzima. Walipokwisha kupeana mikono, mmoja wao akaniuliza, "Sasa wewe unalipwa na nani?"

"Kwani hapa hakuna chakula?" nikamjibu.

Wakacheka wote. Tukala ugali na nyama yao, nikanawa mikono, tukashika njia ya kurudi kwetu.