Kufuli la Mlango wa Mbele

Apolonia hukaanga vitumbua kando ya barabara ya Mlimba, hapa kijijini Mbingu, na kwa miaka kumi na mmoja amewajua watoto wa shule kwa jinsi wanavyopita mezani kwake. Wapo wanaokimbilia karai. Wapo wanaosimama mbali wakijifanya wameshiba. Stumai, mwenye miaka kumi na miwili, alikuwa wa kundi hili la pili. Kila asubuhi Apolonia alimwita: "Wewe, njoo unisaidie kumaliza hiki kilichoungua." Stumai alikipokea kwa mikono miwili, akakigawa nusu kwa nusu na mdogo wake Rosemery, anayesoma darasa la awali.

Jumatatu moja ya mwezi wa tano hawakupita. Jumanne pia.

"Wamehamia shamba," Donati, fundi baiskeli, jirani wa familia hiyo, alimwambia Apolonia. "Msimu huu nani anabaki kijijini, Mama Silvano? Hata kuku wamehama."

Alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Mpunga ukianza kuiva, familia nyingi huvuka mto na kuishi kwenye madungu, vibanda vya juu ya nguzo, katikati ya mashamba, zikiamia ndege wasile mpunga mpaka mavuno. Kufuli mlangoni wakati huo halimshtui mtu. Mwalimu wa Stumai naye aliamini hivyohivyo.

Lakini Apolonia hakutulia. Ijumaa Stumai hakuwa ametaja safari yoyote, na macho yake yalikuwa mekundu. Alimpigia Katarina, mama yao. Simu haikupatikana, kwa kuwa kule mabondeni mtandao haufiki. Vitumbua viliungua mbele yake akivitazama. Yeye mwenyewe, utotoni kule Malinyi, aliwahi kuachwa nyumbani msimu mzima, na hajasahau watoto huagizwa nini kabla wazazi hawajaondoka.

Jumatano aliepua karai na kwenda. Donati alimfuata akicheka.

"Unakwenda kuongea na kufuli?"

Kufuli lilikuwepo, kubwa, mlango wa mbele. Apolonia alibisha. Kimya. Alibisha tena.

"Umeridhika sasa?" Donati aliuliza. "Vitumbua vinakungoja."

Apolonia alizunguka nyuma. Mlango wa uani ulikuwa umefungwa kwa kamba, na fundo lilikuwa kwa ndani.

"Stumai! Ni mimi, mama wa vitumbua."

Sauti ndogo ilijibu, kama Apolonia alivyoagizwa zamani ajibu: "Baba yupo ndani. Amelala."

Donati aliacha kucheka. "Baba yao nilimwona akipanda mtumbwi na Katarina, wiki ya tatu hii," alinong'ona. "Watoto sikuwatazama."

Alikata kamba kwa kisu chake cha kazi. Rosemery alisimama mlangoni, mdomo umejaa mchele mbichi. Nyuma yake, juu ya mkeka, Stumai alikuwa akitetemeka chini ya khanga mbili. Alifungua macho, akajitahidi kusema, "Shikamoo, mama," kisha maneno yakapotea.

Donati alibaki na Rosemery. Bodaboda iliwafikisha zahanati, Stumai akiwa katikati, kichwa kikining'inia begani kwa Apolonia. Muuguzi alimpima, akasema ni malaria kali na asafirishwe hospitali ya Ifakara mara moja. Njia nzima Apolonia aliweka kiganja kifuani kwa mtoto, akihesabu pumzi, na kila moja ilipochelewa alimwita kwa jina. Hospitalini aliambiwa asubiri mpaka asubuhi ndipo ijulikane kama mtoto atapona.

Asubuhi Stumai aliomba uji.

Katarina alifika siku ya pili, matope yamemkaukia miguuni. Mjumbe alikuwa ametumwa kwa mtumbwi kumtafuta. Alipiga magoti kando ya kitanda.

"Ningewachukua, wangeacha shule," alisema bila kuulizwa.

"Hilo nalielewa, mdogo wangu. Lakini mbona hukuniambia mimi?"

"Ningekuambia wewe, ungemwambia Donati, na Donati angeuambia ulimwengu. Watoto wa kike wawili, peke yao! Kufuli lile nililiweka ili watu wabaya wasijue."

Apolonia alikiri moyoni: kufuli lilikuwa limewaficha watoto wasionwe na watu wabaya, wala na majirani wema.

Stumai na Rosemery sasa wanalala kwa Apolonia mpaka mavuno. Jambo hilo halikutangazwa mkutanoni, wala hakuna orodha ya nyumba zenye watoto peke yao iliyoandikwa, isije ikafika mikononi mwa wasiostahili. Lakini jioni, jua likiwa bado lipo, Apolonia na Donati huzunguka nyumba zenye makufuli na kubisha milango ya nyuma. Kufikia Jumamosi ya wiki iliyofuata walikuwa wamepita nyumba kumi na nne. Katika tano walikuta watoto peke yao.

Zimebaki nyumba za upande wa reli, na hizo hawajui ni ngapi.