Karata ya Mume Mwenye Kisu

Nakumbuka alasiri moja hapa Kibra, zamani za mkoloni, wiki ile ile ya harusi yangu. Mjomba Juma alikuwa akifagia ukumbi wa michezo wa Wazungu kule mjini, na mwigizaji mmoja aliyekuwa akirudi kwao akamwachia karata za kutazamia bahati. Si za kuchezea, mwanangu. Kila karata ilikuwa na mtu wa mchezo wa jukwaani: mfalme aliyepinduliwa, mchekeshaji, malkia na kikombe chake cha sumu.

Alasiri hiyo mjomba alituletea, kila mmoja achomoe moja atazamiwe bahati yake. Tulicheka sana sisi wasichana, mpaka zamu yangu ikafika. Nikachomoa mwanaume mwenye kisu, mkewe amepiga magoti.

“Huyu aliambiwa uongo juu ya mkewe,” mjomba akaeleza. “Akamuua.”

Kicheko kikakatika. Mimi nilikuwa naolewa na Rehani, fundi cherehani wa mtaa wa Makina, ambaye sikuwa nimesema naye hata neno. Nikajifungia chumbani. Nikasema siolewi.

Habuba, ndivyo sisi Wanubi tunavyomwita nyanya, hakunigombeza. Aliitazama ile karata, akamgeukia mjomba.

“Na huyu mke, aliulizwa?”

“Hakuulizwa, mama.”

“Basi.” Akaagiza Rehani aitwe.

Mwanangu, hilo halikuwa desturi. Shangazi zangu walishika vichwa. Rehani alipofika, Habuba akamketisha upande wa pili wa pazia, akaniambia, “Haya, Zenabu. Kuuliza si ujinga.”

Nikauliza, “Ukiletewa maneno mabaya juu yangu, utafanya nini?”

Nikamsikia akikohoa.

“Nitakuja kukuuliza wewe,” akasema. “Kwani nitamuuliza nani mwingine?”

Habuba alicheka mpaka akajifuta machozi. Nikaolewa. Na maneno yaliletwa kweli, maana Kibra haijawahi kukosa ndimi. Kila mara Rehani aliingia, akavua kofia, akaketi, akauliza. Siku nyingine aliniudhi kwa maswali yake, mzee wa watu, lakini nilimjibu. Tuliishi hivyo mpaka nilipomzika.

Kwa hiyo nakuambia, mwanangu: usikubali picha wala jirani akusomee moyo wa mwenzako. Shaka ni ufa, na usipoziba ufa utajenga ukuta. Nenda kwake mwenyewe, muulize kwa upole. Nawe ukiulizwa, sema kweli hata ikikuuma. Mungu akupe mtu wa kusema naye, akuzeeshe naye, na watoto wenu wawasikie mkicheka. Amina.