Mkebe uliopasuka jikoni kwa mama mkwe

Leo mkebe wa maziwa umepasuka jikoni, na kidogo tu ningekuwa nimesimama hapo.

Ni yale maziwa mazito matamu. Nilikuwa nachemsha mkebe ndani ya sufuria ili yageuke karameli, nipake keki ya mtoto wangu anayebatizwa kesho.

Mama mkwe akaniita kutoka zizini. Ng'ombe alikuwa anazaa na ndama amekwama.

Nitasema ukweli. Hatujakuwa tukiongea vizuri tangu nikatae jina alilotaka mtoto apewe. Nilitoka nikinung'unika.

Tulivuta huyo ndama sisi wawili, polepole, mpaka akatoka mzima. Sufuria nilikuwa nimeisahau kabisa, na maji yalikauka.

Tukasikia mlio mkubwa kutoka jikoni.

Kurudi, karameli moto ilikuwa imeshika dari, ukuta, na kile kiti changu kando ya jiko.

Nikangoja kugombezwa. Akanishika mikono yote miwili, akaigeuza, akiangalia kama nimeungua. Na tulikuwa wote zizini mkebe ulipopasuka.

"Mama, nimekuharibia jikoni."

"Jikoni itapakwa rangi," akasema. "Mama yako ningemwambia nini?"

Nikalia. Yeye pia.

Wenye mnapika hivi, tafadhali, maji yafunike mkebe kila wakati. Kuna mwingine amewahi kupasukiwa?

Tumesugua ukuta pamoja mpaka jioni. Mkebe wa pili ameuweka mwenyewe kwenye maji mengi, akavuta kiti mlangoni, akaniambia nikalale kidogo na mtoto.